Binti anaomba nisiandike ugonjwa wake kwenye fomu ya chuo

Shikamoo Shangazi,

Naomba jina langu lisitajwe, wala jimbo tunaloishi. Sisi ni Watanzania, tupo Marekani zaidi ya miaka kumi sasa. Mume wangu anaendesha lori la masafa marefu. Mimi nahudumia wazee, zamu ya usiku. Mungu katujalia watoto wawili, na huyu ninayekuandikia habari zake ni wa kwanza, binti, ana miaka 16.

Binti ana sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Tulijua tukiwa bado Morogoro, hajafikisha mwaka. Mikono na miguu ilimvimba, akawa analia usiku kucha. Mmoja akasema malaria, mwingine akasema meno, mpaka alipopatikana daktari aliyeagiza damu ipimwe. Huku anatibiwa vizuri, siwezi kulalamika. Anameza dawa ya haidroksiurea kila usiku, na ana daktari wake wa damu anayemwona kila baada ya miezi michache. Inaweza kupita miezi mingi hana neno, kisha siku moja anabanwa na maumivu. Mara ya mwisho ilikuwa Novemba, baridi ilipoingia kwa ghafla, akalazwa siku nne.

Mwaka huu yeye mwenyewe, bila kusukumwa na mtu, aliomba nafasi katika programu ya majira ya joto ya chuo kikuu kimoja kilicho jimbo jingine. Wanafunzi wa sekondari wanakaa bwenini wiki tatu za Julai, wanasoma baiolojia na kuingia maabara. Akachaguliwa, tena kwa ufadhili. Siku barua ilipokuja alipiga kelele mpaka jirani akagonga mlango kuuliza kuna nini. Anasema anataka kuwa daktari wa damu.

Halafu ikaja fomu ya afya. Ina kurasa kadhaa: chanjo, dawa anazotumia, magonjwa ya kudumu, ukurasa wa daktari aliyempima, ruhusa ya kumtibu sisi tukiwa mbali, na mwisho sahihi ya mzazi. Binti aliisoma kabla yangu. Usiku huo akanifuata jikoni, akaniambia, "Mama, naomba usiandike. Wiki tatu tu. Nataka watu wanijue mimi kwanza."

Namwelewa. Alipokuwa darasa la tisa alibanwa shuleni, gari la wagonjwa likaja mbele ya wenzake wote. Tangu hapo mwalimu wa michezo anamkalisha benchi hata siku akiwa mzima kabisa, na kila akilaza kichwa mezani napigiwa simu. Kuna msichana aliuliza mbele ya darasa kama ugonjwa huo unaambukiza. Binti hakunisimulia hayo, niliyasikia kwa mdogo wake.

Baba yake yuko upande wake. Anasema tukiandika, nafasi atapewa mwingine, nasi tutaambiwa kwa adabu kwamba hawana vifaa. Nyumbani dada yake alikataliwa bweni kwa sababu ya kifafa, na hajasahau. Tena ananikumbusha ile Novemba: tulikaa chumba cha dharura saa nyingi, mtoto anajikunja kwa maumivu, na mhudumu akamuuliza kama anatumia dawa za kulevya, kisa alitaja jina la dawa inayomsaidia. "Hiyo ndiyo faida ya watu kujua?" ananiuliza. Anapendekeza tumpeleke akapimwe kwenye kile kikliniki cha duka la dawa, ambako hawamjui, wajaze ukurasa wa daktari tumalize. Mama mkwe naye, kila akipiga simu, anasema ugonjwa wa ukoo hautangazwi kwa Wazungu. Akisema ukoo ana maana ya ukoo wangu mimi.

Sasa mimi. Nilikuwa na mdogo wangu wa kiume, alikuwa na miaka saba. Jioni alianza kulalamika miguu inamuuma, asubuhi ana homa, na kesho yake tukamzika. Hakuna aliyetuambia ni nini. Nilikuja kuunganisha mambo baadaye sana, binti yangu alipopimwa. Sasa nikifumba macho namwona binti yuko bwenini saa nane za usiku, amejifunika shuka, anaona haya kumwamsha mtu.

Nina mawazo matatu na yote yananitisha. Naweza kusaini kama wanavyotaka. Naweza kukataa kabisa asiende. Au naweza kumwandikia barua pepe mkuu wa programu kimya kimya, wao wasijue. Fomu inatakiwa baada ya wiki mbili. Nifanyeje?

Mama asiyelala

Jibu la Shangazi

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma kwa utulivu, kisha nikairudia. Kabla ya yote, pole kwa mdogo wako. Umemtaja karibu na mwisho, kwa mistari michache, lakini nadhani yeye anakukosesha usingizi kuliko hiyo fomu. Nitarudi kwake.

Kama nimekuelewa sawasawa, nyumbani kwenu kuna watu watatu wanaomtakia mema mtoto mmoja, na kila mmoja ana hofu yake. Binti anaogopa kuitwa mgonjwa kabla hajajulikana ni nani. Baba anaogopa mlango utafungwa, na anawaogopa watu ambao wakishasikia jina la ugonjwa hawamwoni tena mtoto. Wewe unaogopa usiku. Hakuna kati yenu anayeogopa kitu ambacho hakijawahi kutokea. Kwa hiyo sitakuambia nani yuko sahihi. Ninachotaka ni tuyatazame yale ambayo mmeyachukulia kuwa ni hakika, maana mengine naona hayajaulizwa bado.

Tuanze na ombi la binti. Amesema usiandike, lakini sababu aliyoitoa ni kwamba hataki wenzake wamjue kwa ugonjwa. Hayo ni mambo mawili, na yeye huenda ameyaona ni moja kwa sababu shuleni kwake yalikuja pamoja, siku ile gari la wagonjwa lilipoingia. Fomu ya afya haisomwi na wanafunzi. Katika programu nyingi za vyuo inakwenda kwa muuguzi au ofisi ya programu, na wasimamizi wa mabweni, ambao mara nyingi ni wanafunzi wa chuo chenyewe, vijana wa miaka 19 au 20, wanaambiwa yale tu yanayowahusu. Lakini kila chuo kina utaratibu wake, kwa hiyo ulizeni. Pigeni simu bila kutaja jina la mtoto. Nani anaisoma fomu hii? Msimamizi wa ghorofa anaambiwa nini, na mtoto ana kauli juu ya hilo? Muuguzi yupo usiku, au mchana tu? Hilo la mwisho msilisahau, maana vyuo vingi hupunguza saa za kituo cha afya wakati wa likizo, na vingine havipokei humo wanafunzi wa programu walio chini ya miaka 18. Mtoto akiugua anapelekwa kliniki ya mjini au hospitali. Nani anampeleka, na nani anakaa naye mpaka mwisho?

Mkishapata majibu, binti atakuwa na kitu cha kuchagua. Anaweza kuamua muuguzi ajue kila kitu, msimamizi ajue jambo moja tu, kwamba binti huyu akisema ana homa au anaumwa hakuna kusubiri asubuhi, na mwenzake wa chumba asijue chochote mpaka siku atakayopenda mwenyewe kumwambia. Huenda mpango wa namna hiyo ukamtosha, huenda usimtoshe. Sijui, na nawe hujui bado, kwa sababu hajawahi kuwekewa mbele.

Baba anasema nafasi itafutwa. Kwa yaliyompata dada yake, simshangai. Marekani kuna kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973 iitwayo Rehabilitation Act, na kuna sheria ya Wamarekani wenye ulemavu ya mwaka 1990. Zinakataza chuo kumnyima mtu nafasi aliyoistahili kwa sababu tu ya hali kama hii, na zinakitaka kimfanyie marekebisho yanayowezekana. Mwaka 2008 sheria hiyo ya pili ilirekebishwa na kusema wazi kwamba ugonjwa unaokuja na kuondoka nao umo, hata siku mtu akiwa mzima. Mume wako akijibu kwamba sheria haimzuii mtu mwoga kumkalisha mtoto benchi, atakuwa amesema kweli, na yule mwalimu wa michezo ni ushahidi. Kwa hiyo usimpelekee sheria kama nyundo ya kumnyamazisha. Ila ajue kwamba kukataliwa kama alivyokataliwa dada yake, huku kungekuwa na mahali pa kwenda kushtaki.

Kuna jambo moja ambalo sidhani limefika mezani kwenu, nalo linanisumbua kuliko mengine. Programu nyingi zinataka kila dawa iandikwe, ibaki kwenye chupa yake yenye lebo, na baadhi zinataka dawa zikabidhiwe kwa muuguzi au msimamizi. Binti atakwenda na haidroksiurea. Kama daktari wake humpa pia dawa kali za maumivu, zile za jamii ya morfini, za kuweka akiba, nazo itabidi aende nazo. Dawa ya namna hiyo, ambayo haikuandikwa popote, ikikutwa ndani ya begi la mtoto wa miaka 16, watakaoiona hawatafikiria sikoseli. Watafikiria dawa za kulevya, na kwa kosa hilo wanafunzi hurudishwa nyumbani. Mume wako anataka kuilinda nafasi, nami namheshimu kwa hilo. Mwombe aipime na hatari hii. Na kama binti ataamua kuziacha dawa nyumbani ili asikutwe nazo, haidroksiurea hufanya kazi kwa kumezwa kila siku, na wiki tatu si kidogo.

Kile kikliniki cha duka la dawa nacho kifikirieni hadi mwisho wake. Mpimaji atauliza kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu, na binti atalazimika kusema hapana huku wazazi wake wamekaa pembeni. Kisha karatasi hiyo itafungwa pamoja na ile ruhusa ya kumtibu mkiwa mbali. Daktari atakayempokea usiku ataipokea karatasi inayosema huyu ni mzima, na saa za mwanzo zitapotea akitafuta kile ambacho ninyi mnakijua tangu Morogoro.

Sasa mfuate binti siku moja ya Julai. Asubuhi anatembea juani kutoka bwenini hadi darasani. Anaingia maabara, na maabarani hairuhusiwi kula wala kunywa. Mtoto anayetakiwa kunywa maji kutwa nzima anaweza kukaa saa tatu bila tone, isipokuwa mwalimu anajua kwamba akitoka mlangoni mara kwa mara si utoro. Viyoyozi vya huko unavijua, vinatia baridi hadi kwenye mifupa. Alasiri wenzake wanakwenda kuogelea, na mwili kupoa ghafla kwenye maji ya baridi ni moja ya mambo yanayojulikana kuamsha maumivu, kama ulivyoona baridi ya Novemba. Usiku hawalali, maana kukesha ndiyo raha yenyewe ya bweni. Jioni moja kichwa kinamuuma, rafiki mwema anampa Tylenol, yaani parasetamoli, homa inashuka na hakuna aliyeipima. Wewe unajua, ila naandika kwa wasomaji wengine pia: kwa mtu mwenye sikoseli bandama huwa imedhoofika tangu utotoni, na mwili unakosa kinga dhidi ya baadhi ya bakteria. Homa inayofika nyuzi 101 za Fahrenheit, yaani zaidi kidogo ya 38 za Selsiasi, inataka daktari saa hiyohiyo, hata kama mtoto anacheka.

Sijakuandikia hayo nikutie hofu zaidi. Ukiyatazama, mengi hayahitaji chuo kizima kujua. Yanahitaji mtu mmoja au wawili, na zaidi yanamhitaji binti mwenyewe ayashike kichwani. Je, anayashika? Nauliza kwa upole. Nyumbani ni nani anayekumbuka dawa usiku? Ni nani anayepiga simu dawa zikikaribia kuisha? Ni nani anayeongea na daktari, yeye au wewe? Akina mama wengi wenye watoto wa namna hii wamebeba kila kitu kwa upendo, mtoto anafika miaka 18 hajui hata kiwango cha dawa yake. Na miaka hiyo, kijana anapohama kutoka kwa madaktari wa watoto kwenda kwa wa watu wazima, inajulikana na wataalamu wa ugonjwa huu kuwa ni ya hatari. Wengi huanza kukosa miadi, wakaishia chumba cha dharura. Binti yako ana miaka miwili kabla sahihi haijawa yake peke yake.

Nije kwenye ile Novemba. Nimeumia kusoma kwamba mtoto aliyejikunja kwa maumivu aliulizwa swali lile. Weusi wengi wenye sikoseli nchini humo wamesimulia jambo hilohilo, kutiliwa shaka kwa sababu tu wanajua jina la dawa inayowafaa. Baba amejifunza hapo kwamba kujulikana ni hasara. Lakini mlipoingia pale mlikuwa na jina la ugonjwa na maneno yenu tu. Je, mlikuwa na barua ya daktari wake wa damu? Nina maana ya barua yenye nembo, inayosema ni aina gani ya sikoseli, hemoglobini yake ikiwa ya kawaida kwake ni ngapi, dawa ipi na kwa kiasi gani humtuliza, akiwa na homa afanyiwe nini, na simu ya daktari wa zamu. Chama cha wataalamu wa damu cha Marekani kilitoa mwongozo mwaka 2020 unaotaka mgonjwa wa sikoseli mwenye maumivu makali apewe dawa ndani ya saa moja tangu afike, kisha aangaliwe tena na tena. Barua haimbadilishi kila mhudumu. Walakini binti wa miaka 16 aliye peke yake, akiishika mkononi na kuwa na picha yake kwenye simu, anaingia pale akiwa na mtu mzima anayemsemea. Muulizeni daktari pia ni hospitali ipi karibu na chuo hicho ina wataalamu wa damu, na kama anaweza kuzungumza nao kabla ya Julai. Na bima ichunguzeni mapema. Ikiwa ni Medicaid, ile bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, nje ya jimbo lenu kwa kawaida hulipia dharura, si kila kitu.

Kuhusu mama mkwe nitasema neno moja tu, tena kwa heshima yake. Mtoto hapati sikoseli ya aina kamili kutoka upande mmoja. Hupokea chembe moja ya urithi kwa baba na moja kwa mama. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, wanakadiriwa kuwa kama 11,000 kila mwaka. Hakuna ukoo wa kunyooshewa kidole, na mzigo huo uutue, mwanangu, usiusafirishe hadi kwenye fomu.

Sasa mdogo wako. Alikufa bila jina la ugonjwa wake kutajwa, na wewe ukabaki na swali kwa miaka mingi. Ningekuwa wewe, nami ningetaka kuandika kila kitu, kwa herufi kubwa, kwenye kila karatasi. Lakini nikuulize kwa upendo: je, kuna fomu yoyote, hata ijazwe vizuri namna gani, itakayokufanya ulale usiku ule wa kwanza wa Julai? Kama jibu ni hapana, basi sehemu ya hofu hii haitibiwi na chuo. Binti yako anaishi wakati mwingine. Dawa anayomeza iliidhinishwa Marekani kwa watoto mwaka 2017, na utafiti uliofanywa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda, ambao matokeo yake yalitoka mwishoni mwa 2018, ulionyesha kwamba hata huko kwetu Afrika watoto walioitumia walipungukiwa na maumivu, na vifo navyo vilipungua. Ndugu yako hakuipata nafasi hiyo. Unaweza kumlilia yeye na bado ukamwacha huyu afunge begi. Je, umewahi kumsimulia binti habari za mjomba wake? Huenda anadhani unamchunga kwa sababu humwamini, hajui ni nani mwingine unayemwona ukimtazama.

Nizungumzie zile njia zako tatu, na nyingine ulizoziacha.

Barua pepe ya siri naielewa, maana mama akiogopa hupita hata dirishani. Ila fikiria atakapojua, na watoto hujua, labda siku ya kwanza muuguzi atakapomwita kwa jina. Kinachomlinda mtoto wa sikoseli ni kusema mapema, maumivu yakiwa bado madogo. Akijifunza kwamba akikuambia kitu utakifikisha asikotaka, ataanza kukuficha, na hapo utakuwa umepoteza ulinzi wako mkubwa. Hata hivyo sisemi kwamba mzazi hana haki. Sahihi ni yako, na una haki ya kumwambia waziwazi, "Siwezi kutia jina langu chini ya kitu nisichokiamini." Hayo yanasemwa uso kwa uso, na yeye ana haki ya kukasirika.

Kumkatalia asiende kutakupa usingizi wa wiki tatu. Kutampa yeye nini? Alichaguliwa kwa kichwa chake. Akikatazwa, anaweza kujifunza kwamba ugonjwa ukishatajwa ndoto zinazimwa, na safari ijayo hatakuja jikoni kukuomba, atajaza mwenyewe. Lakini zipo hali ambazo kungoja ni busara. Kama amelazwa mara kwa mara miezi hii, au dawa imebadilishwa juzi tu, au chuo kikijibu maswali yenu kwa kubabaika, hakuna aibu kuuliza kama nafasi inaweza kusogezwa mwaka ujao, au kutafuta programu ya mchana ya chuo cha karibu, anarudi kulala nyumbani. Asijisikie kwamba amepunguziwa. Hilo mlizungumze naye, lisiwe hukumu inayomshukia.

Kusaini bila kuandika nimelisema vya kutosha. Litampa kile anachokitamani, wiki tatu za kuwa binti tu kama wengine. Nisingependa ulidharau tamanio hilo, ni la halali kabisa. Swali ni kama anaweza kulipata kwa bei ndogo zaidi.

Na kuna kuandika kwa namna nyingine: aandike yeye. Mwachie kalamu. Kwenye nafasi ya magonjwa ya kudumu, aweke maneno yake, na achague ombi lake moja au mawili, mathalani asiondolewe michezoni bila kuulizwa, aruhusiwe kutoka maabara kunywa maji. Ataziona sentensi zake mwenyewe, si za mwalimu wala za mama. Hatari ipo hapa pia, maana huenda akaandika kidogo mno, nawe ukatamani kumnyang'anya kalamu. Daktari wake anaweza kusaidia hapo. Ombeni miadi, na uombe azungumze naye peke yake, wewe ukiwa nje. Najua ni vigumu kukaa nje ya mlango ule. Kuna mambo mtoto wa miaka 16 humuuliza daktari tu mama asipokuwepo, na swali la nani atamwamsha saa nane za usiku linaweza kuwa mojawapo.

Baba yake usimwite kwenye kikao cha kumshinda. Akirudi kutoka safari, ale, apumzike. Mwombe aipige yeye ile simu ya chuo, uwe umekaa karibu unasikiliza. Aulize kwa kinywa chake. Huenda atakayepokea akawa mtu wa kumtuliza moyo, huenda akathibitisha hofu yake. Vyovyote itakavyokuwa, mtakuwa mnajadili chuo hiki, na shule ile iliyomkataa dada yake mtaiweka kando kwa siku hiyo.

Wiki mbili zinatosha kwa simu moja na safari moja kwa daktari wa damu. Zisipotosha, ombeni ofisi ya programu iwaongezee siku kwa ukurasa wa daktari peke yake, maana kliniki kuchelewesha karatasi ni jambo la kila siku. Na binti mpe hongera zangu kwa nafasi aliyoipata. Akipenda kuniandikia yeye mwenyewe, bila jina na bila wewe kuisoma barua kwanza, nitamjibu.

Shangazi